Duara la Wagonjwa wa Sista Rebecca

Niliambiwa kwamba kompyuta haiwezi kuchora uongo. Aliyeniambia alikuwa muuza viazi wa Chepilat, mtu wa heshima zake, na yeye aliambiwa na binamu yake aliyefagia ofisi fulani Nairobi iliyojaa kompyuta. Ukiiandikia kitu cha uongo, alisema, mashine inasita kidogo, inawaza, halafu inajizima yenyewe. Ati ndiyo maana huko ng'ambo watu hawaapi tena kwa Biblia mahakamani. Wanawekewa kompyuta mezani, basi.

Mnacheka. Mimi niliamini kabisa, tena kwa ushahidi. Wiki yangu ya kwanza kazini alikuja karani mmoja kuchapiwa barua ya kuomba ruhusa kwa sababu mama mkwe wake amefariki. Huyo mama mkwe nilikuwa nimemwona asubuhi hiyohiyo sokoni Sotik akigombana na mwenye kabichi, na sauti yake ilifika Kisii ikarudi. Nilipofika pale penye "kwa masikitiko makubwa", stima ikapotea mji mzima. Nikamgeukia karani.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mashine imekataa."

Jasho likamtoka. Akaniambia basi niandike kwamba mama mkwe ni mgonjwa tu, si sana. Kabla hajamaliza kusema, stima ikarudi. Sasa nyinyi mngekuwa mimi, mngeamini nini?

Kwa msionijua, mimi ni arap Koros, mzaliwa wa upande wa Ndanai, mstaafu, mwenye ng'ombe watatu na maoni mengi. Sekondari niliimaliza katika darasa la jioni nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu, na cheti cha kompyuta nilikitafuta Kericho vilevile, jioni, nikilala kwa binamu na kurudi Sotik na lori la maziwa. Nimechora chati tangu miaka ya tisini ikielekea kuisha hadi macho yalipokataa. Mke wangu anasema nikihesabu ng'ombe zangu wanakuwa thelathini. Ni kweli. Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo sitaiongezea chumvi, na mtaijua mkifika.

Kazi yenyewe ilikuwa katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Mwenye chumba aliitwa Mama Njeri. Yeye na mume wake walitoka Nyandarua zamani wakauza mbao; mume alipofariki aliachana na mbao, akanunua taipureta tatu, na baadaye kompyuta moja iliyokwisha kutumiwa na watu wengine, ambayo aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika makochi. Kuingia pale ulivua viatu. Siku ya mvua mlangoni kulikuwa na gambuti nyingi hadi mtu mgeni angedhani ndani kuna mkutano wa machifu.

Mama Njeri hakujua kompyuta hata kidogo. Alijua karatasi. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kitu kinachotoka bila kusomeana. Mmoja anashika maandishi ya mteja, mwingine anashika yaliyochapwa, mnasoma kwa sauti, hata nukta, hata koma. Mara moja tu niliruka hiyo sheria, nikiwa na haraka ya kwenda mpira, na rundo zima la kadi za harusi likatoka likimwoza bibi harusi kwa pasta wake. Bwana harusi alikuja kututafuta na kaka zake wanne.

"Wewe Koros," Mama Njeri aliniambia walipoondoka, "hayo macho Ngai alikupatia ya kuona ama ya kupamba uso?"

"Ya kuona, Mama."

"Basi yatumie. Uso yenyewe haisaidiki."

Sasa tuje kwa duara. Nyinyi vijana wa kompyuta mnabofya, duara linatokea, lina rangi, linazunguka na kucheza ngoma. Sisi tulikuwa na kitabu cha fotokopi cha Java, lugha ya kuandikia programu, kurasa za katikati hazipo, na kivinjari kilichokuja na CD ya gazeti. Interneti hatukuwa nayo. Ukurasa wa wavuti tuliufungua kutoka kwa diski, kama mtu anayejiandikia barua na kuifungua mwenyewe kwa furaha. Ndani ya ukurasa unaweka programu ndogo, waliiita applet, na hiyo programu ndiyo mchoraji. Haibandiki picha. Inafuata maagizo: anzia hapa, pinda hivi, jaza rangi ya kijani. Ukitaka duara kubwa unabadilisha nambari moja tu, na mistari inabaki mikali kama kisu cha kuchinjia. Siku ya kwanza nilichora duara tupu, jekundu, na niliwaita watu wa duka la mbegu, na kinyozi, na mteja wa kinyozi aliyekuwa amenyolewa nusu.

Kulikata duara ndiyo kazi. Fikirieni ugali umepinduliwa kwenye sinia. Ugali mzima ni digrii mia tatu na sitini. Programu yetu haikuanza kukata juu kabisa. Ilianzia kulia, pale mshale mfupi wa saa hukaa saa tisa alasiri, na kutoka hapo ikakata ikipanda juu, kinyume na mwendo wa saa. Na iliuliza mambo mawili: unaanzia wapi, na kipande ni kikubwa kiasi gani. Haikuuliza unaanzia wapi na unaishia wapi. Hapo nilipotea wiki mbili, kwa sababu kwetu kila kitu ni kutoka hapa hadi pale. Hata shamba la babangu lilikuwa kutoka mti ule hadi mtoni. Nikawa nampa kila mtu mwanzo na mwisho, na mashine inauchukua huo mwisho kuwa ukubwa, na mtoto wa mwisho anakula sinia nzima na sahani za wenzake.

Hizi SVG zenu, michoro yenu ya kuandikwa kwa maagizo, nazo zina mtego wa aina hiyo, msinidanganye. Kipande kikipita nusu ya duara, kuna sifuri moja katika maagizo ambayo lazima iwe moja. Usipoibadilisha, mstari unapita njia fupi na kipande kikubwa kinatoka kidogo. Angalieni sana vipande vinavyopita nusu. Ndivyo vinavyobeba habari, na ndivyo vinavyoharibika.

Halafu majina. Kipande bila jina ni rangi tu. Nilitaka kila jina likae nje ya ugali, mkabala na kipande chake, kama mtu aliyekaa mbele ya fungu lake. Unatafuta katikati ya kipande, unatumia cosine kwenda kando na sine kwenda juu, vile tulivyofundishwa darasa la jioni kwa karatasi ya grafu. Kwa karatasi ya grafu, ukiongeza unapanda. Kwa skrini, mstari wa kwanza uko juu, na ukiongeza unashuka, kama nyapara anavyohesabu mistari ya chai kutoka barabarani akiteremka mtoni. Kwa hiyo sine unaitoa. Huijumlishi. Ni alama moja ya kutoa, ndogo kuliko kiroboto. Mimi nilijumlisha. Vipande vikapanda, majina yakashuka. Kipande kilichokaa juu, jina lake likaandikwa chini, mbele ya fungu la mwingine.

Kwa nini sikuona? Kwa sababu nilijaribu kwa ugali wa nyumbani: Baba, Mama, Koros na ndugu yangu Kiplangat, kila mmoja robo. Robo zote ni sawa. Majina yalikaa vizuri, kila moja mbele ya robo moja, na stima haikupotea. Nikasema kazi imekwisha. Vijana, msijaribu kitu chochote kwa mafungu yaliyo sawa. Weka moja liwe kubwa kama mlima na lingine dogo kama jiwe, halafu uangalie nani amekaa wapi.

Mwaka huo mvua ilikataa kuisha. Ilinyesha hadi chura wakaomba nauli wahame. Mashimo ya barabarani yalikuwa mabwawa, majani ya chai yalivunwa yakiwa yameloa, na kando ya nyumba maji yalisimama wiki baada ya wiki. Na watu wakaanza kuugua homa.

Mjue kwamba sisi watu wa juu hatukuwa na hesabu ya malaria. Malaria ilikuwa ugonjwa wa Kisumu. Mtu akirudi kutoka huko akitetemeka, tulimcheka. Tulisema mbu akijaribu kupanda huku, baridi inamkata magoti njiani. Neti nilikuwa sijaiona isipokuwa ya kuvulia samaki. Na mtu ambaye hajazoea malaria tangu utotoni, ikimpata akiwa mkubwa, haimchezei. Hayo niliyajua baadaye.

Sista Rebecca alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo kwenye mlima wa upande wa kwetu, yeye na msaidizi mmoja tu. Alikuja siku ya Jumanne, maji yakimtiririka, daftari lake amelifunga kwa karatasi ya nailoni ndani ya blauzi. Akavua viatu bila kuambiwa.

"Chamge, Koros."

"Chamge, Sista. Keti hapa karibu na mashine, ina joto."

Alinieleza shida. Mjini kulikuwa na kamati iliyogawa dawa kwa zahanati zote za upande ule. Wafadhili walikuwa wameipa kamati kompyuta, na sasa wakubwa hawakutaka tena kusoma madaftari. Kila zahanati ilete diski yenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa duara moja lenye vipande viwili: malaria, na mengineyo. Kwa sababu masanduku yalikuwa ya aina mbili. Sanduku la malaria, na sanduku la kawaida lenye dawa za minyoo, za kifua na za kupaka vidonda. Kipande kikubwa kingeleta masanduku mengi.

"Homa imezidi," alisema. "Watu wanalala chini, Koros. Nimebakisha dawa ya siku chache tu. Nifanyie hii kitu vizuri."

"Sista, utashangaa mwenyewe. Nitakuchorea duara hata wao wenyewe watalitundika ukutani."

Mama Njeri hakuwepo. Alikuwa Nyandarua kumzika dada yake. Na stima ilikuwa imekuja na kupotea tangu asubuhi, kwa hiyo nilikimbia. Sista alinisomea jumla zake mbili na mimi nikaziingiza, malaria kwanza, mengineyo pili. Nikaufungua ukurasa. Duara likatokea, safi, kipande kikubwa chekundu juu kikishuka hadi kupita nusu, na kidogo cha buluu chini. Juu, mbele ya chekundu, kumeandikwa Mengineyo. Chini, mbele ya buluu, Malaria.

Nitawaambia nilichofikiria, na nisiseme uongo. Nilifikiri: ahaa, hata mimi nilijua, malaria haiwezi kupanda huku. Jumla nilikuwa nimeziandika kwa vidole vyangu dakika moja kabla, na nilizisahau saa ileile nilipoiona picha.

Sista aliinama karibu na kioo.

"Koros, hii nyekundu ni ya mengineyo?"

"Ndiyo vile imesema."

"Lakini mimi naona watu wa homa ndio wengi."

"Unaona wengi kwa sababu wanalala chini. Wa minyoo wanakuja kwa miguu na wanaenda. Sista, umechoka. Tangu lini hujalala?"

"Siku mingi."

"Unaona? Wewe unachoka. Hii haichoki. Na ingekuwa uongo, ingekuwa imezima."

Alinitazama, akatazama stima ikiwaka vizuri juu ya vichwa vyetu. Mtu aliyesomea kazi yake miaka mitatu, aliyeshika mikono ya wagonjwa wale mmoja baada ya mwingine, alinyamazishwa na mimi, mwenye cheti cha jioni na fotokopi isiyo na katikati. Akachukua diski na nakala ya karatasi. Akasema, "Kongoi," asante ya kwetu. Akavaa viatu vyake vilivyoloa akaenda.

Hii ndiyo ile sehemu isiyo na chumvi.

Pikapu ya kamati ilipanda baada ya siku tisa kwa sababu ya matope. Iliteremsha masanduku ya kawaida hadi yakajaa stoo na mengine yakawekwa chini ya kitanda cha kujifungulia. Sanduku la malaria lilikuwa moja, dogo. Sista alimwambia dereva kuna makosa. Dereva akasema yeye ni wa usukani tu. Sista aliandika barua, na kamati ikamjibu kwa upole kwamba wamefuata duara lake, tena wakamsifu kwa duara safi kuliko ya zahanati zote.

Sanduku lile dogo liliisha. Maduka ya dawa ya Sotik na ya Kericho nayo yalikuwa matupu, maana homa ilikuwa imepanda kila mlima kwa mara moja.

Ndugu yangu Kiplangat alikuwa mchuma chai. Mdogo wangu kwa miaka miwili. Ningekuwa naongea kama kawaida yangu ningewaambia kwamba akichuma, kikapu kilimwomba apumzike. Alikuwa na mke, Tabitha, na watoto wawili. Siku ya Alhamisi alisimama katikati ya mistari ya chai jua likiwa limetoka kidogo, na akaanza kutetemeka hadi majani yakamwagika. Wenzake walicheka kwanza. Waliona ni kama mchezo, mtu kutetemeka juani.

Nilipofika jioni alikuwa kitandani na makoti mawili juu yake.

"Kaka, kumbe Kisumu imenifuata hapa," aliniambia.

"Wewe una baridi ya mvua tu. Kesho utachuma."

"Kesho uchume wewe. Vidole yako ni laini, zitafurahia."

Asubuhi tulimpeleka kwa Sista kwa mkokoteni, mimi na majirani wawili, tukiteleza. Benchi zilijaa, sakafu imejaa. Sista alimgusa shingo, akamfungua jicho, hakuuliza swali. Akaingia stoo. Tuliona kupitia mlango akifungua sanduku moja, akaliweka kando, akafungua la pili, la tatu, kama mtu ambaye anajua kilichomo lakini lazima afungue. Akatoka na vidonge vya kushusha joto na kitambaa cha maji.

"Ya malaria imeisha juzi," alisema. "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi, msingoje."

Tulifika barabara kubwa saa sita mchana. Trekta ya chai ikatubeba. Kiplangat alikuwa ameacha kutania. Alikuwa akiita majina, ya watu ambao hawakuwepo, na mara akaanza kuhesabu mistari ya chai, moja, mbili, tatu, akirudia ya tatu. Hospitalini walimpa sindano walizokuwa nazo. Walisema amechelewa, lakini wakampa. Alikufa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Tabitha alikuwa amekwenda kumtafutia maziwa ya moto, akarudi na kikombe.

Tulimzika Jumatano juu ya shamba, kwa sababu chini kaburi lilijaa maji tulipolichimba.

Watu waliniambia niketi nyumbani. Sikuweza. Nilikuwa na hasira niliyoibeba kama debe la maji kichwani, na nilikuwa nimepata mtu wa kumtwisha. Ile hesabu ilikuwa rahisi kwangu. Duara lilisema malaria ni kidogo. Duara halikosei. Basi kama malaria ilikuwa nyingi hivi, aliyekosea ni aliyejaza daftari. Ni Sista. Sista aliandika kwa uchovu, kamati ikaleta kidogo, ndugu yangu akapewa maneno matamu na vidonge vya kichwa. Siku ya Alhamisi, wiki moja baada ya majani kumwagika, nilipanda mlima kwenda kumwambia.

Nilimkuta anafunga mkono wa mama mmoja. Wagonjwa walikuwa kila mahali, wengine nimesoma nao darasa la jioni. Wote walijua nimetoka kuzika, wakanipisha njia.

"Pole, Koros," Sista alisema.

"Usiniambie pole. Daftari lako ulijaza vibaya."

Sista akamaliza kufunga kile kitambaa, akakaza fundo, akamwambia yule mama akae pale. Halafu akaenda mezani akaleta daftari. Njiani akabandua ukutani karatasi ya duara, ile nakala niliyomchapia, iliyobandikwa kwa plasta.

"Keti."

"Sitaki kuketi."

"Basi simama usome. Anzia ukurasa yoyote."

Nilifungua katikati. Mwandiko wake ulikuwa wima, safi, na siku ambazo hakulala ulionekana vilevile wima. Jina, kijiji, ugonjwa. Nikasoma ukurasa mmoja kimoyomoyo. Nikafungua mwingine. Mistari iliyopita nusu ilikuwa na neno moja lilelile, na kati yake hapa kidonda, pale kifua. Kwenye ukurasa wa mwisho wa jumla kulikuwa na zile nambari mbili alizonisomea. Kubwa ilikuwa juu. Nilikumbuka vidole vyangu vikiiandika.

"Gani ni kubwa?" aliniuliza.

"Malaria."

Akaweka ile karatasi juu ya daftari. Kucha yake ilikuwa na alama ya dawa ya zambarau. Akaiweka juu ya kipande chekundu.

"Na hapa uliandika nini?"

"Mengineyo."

"Na hapa chini, kwa hii kadogo?"

Nilitazama lile duara, nyekundu juu na buluu chini, na majina mawili yamekaa kila moja mbele ya fungu la mwenzake, wazi kabisa, jinsi yalivyokuwa wazi siku ile. Sikuwa najua bado habari ya sine na alama ya kutoa. Hiyo niliitafuta siku mbili baadaye na Mama Njeri ameketi kando yangu akisoma kwa sauti, na diski mpya niliipeleka kwa kamati mimi mwenyewe, kwa miguu, na masanduku yaliyofuata yalikuwa ya haki. Lakini pale nilijua jambo moja tu, nalo sikutaka kulijua.

"Sista," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "kompyuta haiwezi kuchora uongo. Ingezima."

Alinitazama kama anavyotazama mgonjwa aliyemwambia kwamba amekunywa mafuta ya taa apone tumbo.

"Nani alikuambia hiyo maneno?"

"Muuza viazi. Wa Chepilat."

Hakuna aliyecheka, na chumba kilikuwa na watu wa kucheka. Sista akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Koros, hiyo ni mashine. Haijui malaria, haijui minyoo, haijui Kiplangat. Umeiambia iweke jina pale, ikaweka pale. Hata ungeandika mimi ni ng'ombe, ingechora ng'ombe, na stima ingewaka tu."